Mbwa mwitu wamerudi mlimani: niwaogope, niwashukuru au niwapige risasi?

*"Daktari, shikamoo. Nachunga kondoo katika ranchi moja kusini magharibi mwa Montana, si mbali na Hifadhi ya Yellowstone. Tuna kondoo kama 900, na kila kiangazi tunapanda nao milimani. Mwaka jana tulisikia mbwa mwitu wakilia karibu kila wiki, na tuliona nyayo zao kwenye njia ya maji. Hawakugusa kondoo hata mmoja, ila mimi usiku nilikuwa silali. Mwenzangu ananiambia nisihangaike kwa kuwa mbwa mwitu huua wagonjwa na wanyonge tu, tena watatufukuzia koyoti, wale jamaa wadogo wa mbwa mwitu, ambao ndio wametumaliza miaka yote. Nimeona pia video inayosema mbwa mwitu waliporudishwa Yellowstone walirudisha miti na biva, wale wanyama wanaojenga mabwawa kwa miti, wakabadilisha hata mkondo wa mito. Mwajiri wetu hataki kusikia hayo. Anasema dawa ni kupiga wawili watatu, waliobaki watashika adabu. Nani kati yao anasema kweli? Na nifanye nini kabla hatujapanda tena?"*

Marahaba, ndugu yangu. Una haki ya kukosa usingizi. Kondoo 900 kwenye malisho ya wazi, giza limeingia, na sauti ile inatoka upande wa pili wa bonde: hilo si jambo la kumwambia mtu alipuuze. Mwenzako, video na mwajiri wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja amekivuta kupita kiasi. Nitawapitia wote watatu, lakini kwanza niruhusu nikueleze jinsi mbwa mwitu anavyopata chakula chake. (Namaanisha mbwa mwitu wa kijivu wa kaskazini, *Canis lupus*, si yule wa mabaka wa Afrika.) Ukilielewa hilo, mengine utayapima mwenyewe.

Mbwa mwitu mzima wa eneo lenu ana uzito wa kilo 40 hadi 50 hivi. Elki, yule kulungu mkubwa ambaye ndiye chakula chake kikuu, jike lake lina zaidi ya kilo 200 na dume hupita 300. Mbwa mwitu hana kucha za kung'ang'ania kama puma, yule paka mkubwa wa milimani, wala hana mkono wa kuangushia kama dubu. Ana meno tu, na ili ayatumie lazima asogee hadi pale ambapo kwato zinamfikia. Ukikagua mifupa ya mbwa mwitu waliokufa utakuta mbavu zilizovunjika zikaunga, mafuvu yenye kovu la teke, miguu iliyopona ikiwa imepinda. Wengine huuawa papo hapo na mnyama waliyekuwa wakimwinda. Ndiyo maana mara nyingi, takriban mara nne katika kila tano, kundi linalomkabili elki huachana naye likaondoka na njaa yake.

Yellowstone imetufundisha mengi kuhusu hili. Mbwa mwitu wa mwisho wa hifadhi waliuawa mwaka 1926. Wengine 31 wakaletwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, na tangu hapo wamekuwa wakitazamwa kwa darubini, mchana kutwa, majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Dan MacNulty na wenzake walipochambua mawindo hayo waliona kwamba kwa elki, ukubwa wa kundi husaidia hadi mbwa mwitu wanne tu. Wakizidi hapo, walioongezeka hukaa nyuma na kuwaachia wenzao teke. Kwa baisani, yule nyati wa Marekani, ambaye ni mkubwa na mkali zaidi, kundi huendelea kufaidika na wingi hadi kufikia mbwa mwitu kumi hivi na zaidi. Hesabu hiyo inatuonyesha mnyama anayepima hatari kila anaposogea.

Kwa hiyo anachotafuta ni mnyama ambaye leo, mahali hapa, hawezi kumkimbia wala kumwumiza. Mara nyingi mnyama huyo kweli ni mzee au mchanga. Katika miaka ya mwanzo, elki majike waliouawa na mbwa mwitu kaskazini mwa Yellowstone wakati wa baridi walikuwa na wastani wa miaka 14 hivi, ilhali waliopigwa na wawindaji wenye bunduki nje ya mpaka walikuwa na wastani wa miaka 6 hivi. Kwenye kisiwa cha Isle Royale katika Ziwa Superior, ambako mbwa mwitu na musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote, wamefuatiliwa tangu 1958, mifupa ya musi wazee walioliwa mara nyingi ina nyonga zilizoharibiwa na baridi yabisi. Hapa mwenzako yuko sahihi.

Lakini tunapofika kwenye mzoga, kitu kimoja tusichokosa kufanya ni kupasua mfupa wa paja na kutazama uboho. Uboho wa mnyama mwenye akiba ya mafuta ni mweupe na mgumu kama samli iliyoganda. Wa mnyama aliyekwisha ni mwekundu, umelegea, unatiririka ukiuinamisha mfupa. Mwishoni mwa majira ya baridi uboho mwekundu ni mwingi, ila mweupe nao haukosekani. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa pembe. Elki dume hudondosha pembe zake kila mwaka kuelekea majira ya kuchipua, na wale wenye hali nzuri ndio hutangulia kuzidondosha. Utafiti wa Yellowstone uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mbwa mwitu huwalenga zaidi madume waliokwisha kupoteza pembe, ingawa hao wana afya kuliko wenzao ambao bado wanazo. Dume lenye nguvu, lililoshiba, limeuawa kwa sababu kwa wiki chache halina silaha.

Sasa mtazame kondoo wako kwa jicho hilohilo. Hana teke la maana, hakimbii mbali, na akishtuka hujisukuma katikati ya wenzake. Kondoo mwenye afya kuliko wote zizini kwako ni mawindo rahisi kuliko elki mgonjwa. Agosti 2013, katika malisho ya milimani mashariki mwa Idaho, kondoo 176 walikufa usiku mmoja baada ya mbwa mwitu kuingia kundini, na wengi hawakuumwa kabisa. Walikanyagana na kukosa hewa walipokuwa wakikimbia. Kwa hiyo usitulie kwa sababu kondoo wako ni wazima. Uzima wao hauwalindi.

Tuje kwa koyoti. Ni kweli kwamba mbwa mwitu huwaua, na mara nyingi huwaua kwenye mizoga, pale koyoti anapokuja kudokoa. Katika Bonde la Lamar, kaskazini mwa Yellowstone, koyoti walipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka michache tu baada ya mbwa mwitu kurudi. Baadaye walijirekebisha, wakajifunza kuja mezani kwa hadhari, na idadi yao ikajiinua tena kiasi. Kusini kidogo, katika Hifadhi ya Grand Teton, Joel Berger na Kim Berger walifuatilia watoto wa pronghorni, yule swala wa nyanda za Marekani. Mahali palipotumiwa na mbwa mwitu, waliosalimika walikuwa mara nne ya mahali pasipo mbwa mwitu. Koyoti ndiye anayepekua nyasi kutafuta mtoto wa swala aliyejilaza. Mbwa mwitu haoni faida ya kuhangaika na tonge dogo hivyo. Koyoti akipungua, mtoto wa swala anapumua, na mbweha wekundu nao huongezeka kwa sababu koyoti ndiye aliyekuwa akiwabana.

Je, hilo litawafaa kondoo wako? Nisingeliwekea matumaini. Koyoti hupungua hasa katikati ya eneo ambalo kundi la mbwa mwitu linakaa mwaka mzima, na wanaofukuzwa huko hawayeyuki, husogea pembezoni, ambako ndiko ranchi zilipo. Kisha kuna tofauti ya namna ya hasara. Kwa jumla, nchini Marekani koyoti huua kondoo wengi kuliko mbwa mwitu, lakini huwachukua kidogo kidogo, wengi wao wakiwa wanakondoo. Hasara ya mbwa mwitu kwa ranchi nyingi ni sifuri, na kwa chache ni pigo la usiku mmoja. Mfugaji haishi kwa wastani wa jimbo zima.

Wanyama wengine walao nyama wanastahili maneno machache, maana mko nchi ya dubu na puma pia. Dubu wa grizi hunyang'anya mbwa mwitu mizoga bila taabu, na wengi wetu tulidhani kwamba mbwa mwitu anayenyang'anywa atalazimika kuua mara nyingi zaidi. Takwimu za Yellowstone na za Skandinavia, zilizochapishwa pamoja 2017, zilionyesha kinyume: dubu wakiwapo, mbwa mwitu huua kwa nadra zaidi. Huenda hubaki karibu na mzoga wakigombea masalio, au huchelewa kupata mnyama mwingine kwa kuwa ndama wameshaliwa na dubu. Puma naye hunyang'anywa na mbwa mwitu, hupandishwa mtini, na watoto wake huuawa, kwa hiyo hukimbilia kwenye majabali na misitu yenye mteremko. Hata hivyo puma naye humwachia mbwa mwitu kitu. Mbwa mwitu wanaoishi penye puma wengi huambukizwa zaidi kimelea cha *Toxoplasma gondii*, ambacho huzaliana ndani ya jamii ya paka, na utafiti wa 2022 ulikuta kwamba walioambukizwa wana uwezekano mara 46 zaidi wa kuwa viongozi wa kundi. Kimelea cha paka kikichangia kuamua nani ataongoza kundi la mbwa mwitu: mimi bado nikilifikiria jambo hilo hunisisimua.

Sasa video. Naifahamu hadithi yenyewe, na naelewa kwa nini inapendwa. Inasimuliwa hivi: mbwa mwitu walirudi, elki wakaogopa kukaa mabondeni, mierebi na miti ya aspeni ikarefuka, biva wakapata chakula na vifaa vya kujengea, kingo zikashikwa na mizizi, mito ikatulia. Kila kiungo katika mnyororo huo kina kitu cha kweli ndani yake. Shida ni kwamba tulipopima kiungo kimoja kimoja, mnyororo ukalegea.

Anza na elki. Kundi la kaskazini lilihesabiwa karibu 19,000 mwaka 1994, na kufikia 2013 lilikuwa chini ya 4,000. Ukitazama tarehe tu utasema ni mbwa mwitu. Lakini katika miaka hiyohiyo dubu wa grizi waliongezeka, puma walikuwa wamerudi, majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997 yalikuwa makali mno, ukame ukafuata, na vibali vya kuwinda elki majike nje ya hifadhi karibu na Gardiner viliendelea kutolewa kwa miaka kadhaa. Ndama waliovishwa vifaa vya redio kati ya 2003 na 2005 walitupa jibu ambalo wengi hawakulitegemea. Karibu asilimia 60 ya vifo vyao vilitokana na dubu, mbwa mwitu wakiwa na chini ya asilimia 20. Na kwa nini dubu walikuwa na hamu hiyo ya ndama? Sehemu ya jibu iko majini. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa amepandikiza trauti wa kigeni katika Ziwa Yellowstone. Samaki hao wakawala trauti wa asili, wale ambao walikuwa wakipanda vijito kutaga mayai na dubu wakiwavua huko. Dubu waliopoteza samaki wakageukia ndama. Samaki aliyetupwa ziwani alimfikia elki mlimani, na lawama ikamwangukia mbwa mwitu.

Kisha hofu. Elki anaogopa, ndiyo, ila haogopi saa 24. Kola za GPS zilionyesha kwamba elki majike waliendelea kutumia sehemu za hatari, mradi waziingie saa ambazo mbwa mwitu wamepumzika. Mbwa mwitu wa huko huwinda zaidi alfajiri na jioni. Katikati ya usiku elki wanakula palepale walipopakwepa jioni, na mti uliotafunwa saa sita za usiku umetafunwa tu.

Kisha miti. Timu za mwanzo zilizoripoti aspeni kurefuka zilikuwa zikipima miche mitano mirefu kuliko yote katika kila kishada. Wengine walipopima miche iliyochaguliwa bila upendeleo katika maeneo hayohayo, waliona kwamba njia ile ya kwanza ilikuza ongezeko mara nne hadi saba. Aspeni zinaongezeka mahali fulani fulani, hilo halina ubishi, lakini si kwa kasi ya kwenye video. Baisani nao wamejaa Bonde la Lamar tangu elki wapungue, na wao pia wanatafuna.

Na mwisho maji yenyewe, ambayo kwangu ndiyo kiini. Biva walipotoweka kwenye vijito vya kaskazini miongo mingi iliyopita, mabwawa yao yalibomoka. Maji yakaenda kasi, yakachimba, kijito kikazama ndani ya ardhi, na maji ya chini ya ardhi yakashuka nacho. Mizizi ya mierebi ikabaki juu, mahali pakavu. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, wakiwemo Tom Hobbs na David Cooper, walianza jaribio: hapa wakaweka uzio wa kuzuia elki, pale wakajenga bwawa la bandia, kwingine vyote viwili, kwingine hawakugusa kitu. Mierebi ilistawi vizuri pale palipokuwa na uzio na bwawa kwa pamoja. Palipoachwa mikononi mwa mbwa mwitu peke yao, baada ya miaka 20 mingi ilikuwa bado mifupi. Mwerebi mfupi haumjengei biva bwawa, na bila bwawa maji hayapandi, na bila maji mwerebi haurefuki. Mbwa mwitu hawezi kukata mduara huo peke yake. William Ripple na Robert Beschta, ambao wamepima vijito vingine, wanaona nafuu kubwa zaidi kuliko hiyo, na mjadala kati ya pande hizo bado ni mkali. Uamuzi wangu ni huu: penye maji ya karibu, kupungua kwa elki kumesaidia miti, na mbwa mwitu ana fungu lake katika hilo pamoja na dubu, puma na bunduki. Kusema amebadilisha mito ni kumpa sifa isiyo yake, na sifa za aina hiyo hugeuka chuki siku anapoua kondoo.

Sasa mwajiri wako. Wazo kwamba waliobaki "watashika adabu" linachukulia kundi la mbwa mwitu kama genge. Kundi ni familia: baba, mama, na watoto wao wa mwaka huu na wa mwaka uliopita au miwili. Ukimpiga mmojawapo wa wazazi, unaweza kubakiwa na vijana wasio na uzoefu, au familia ikavunjika na nafasi ikachukuliwa na kundi usilolijua. Nyinyi sasa mna majirani waliopita karibu na kondoo wenu kiangazi kizima bila kuwagusa. Kwa maoni yangu hao ni afadhali kuliko wageni, kwa sababu wanalinda mipaka yao dhidi ya mbwa mwitu wengine.

Sitakuficha upande wa pili. Kuua hufanya kazi, kwa namna fulani na kwa wakati fulani. Elizabeth Bradley na wenzake walichambua mashambulio ya Montana, Idaho na Wyoming kuanzia 1989 hadi 2008. Pale ambapo hakuna mbwa mwitu aliyeuawa, muda wa kati hadi shambulio jingine ulikuwa siku 19. Wakiuawa baadhi ya kundi, siku 64. Likiuawa kundi lote, siku 730. Tena kuua baadhi kulisaidia hasa kulipofanyika ndani ya siku saba baada ya shambulio. Zikishapita wiki mbili, tofauti na kutofanya kitu haikuonekana. Zingatia kwamba takwimu hizo zote zinahusu makundi yaliyokwisha kushambulia. Kupiga wawili watatu katika kundi lisilo na kosa ni jambo jingine, na hakuna kitu katika takwimu hizo kinachomwahidi mwajiri wako kwamba atapata alichokitaka. Upo pia utafiti wa 2014 uliodai kwamba kuua huongeza hasara mwaka unaofuata. Wengine waliochambua upya takwimu zilezile walipata majibu tofauti, kwa hiyo mimi siutumii kama silaha ya kumshinda mtu.

Kinachobaki mikononi mwako ni kumfanya kondoo awe mnyama ghali. Kumbuka mbwa mwitu anapima hatari. Huko Wood River, Idaho, wafugaji na wahifadhi walijaribu kwa miaka saba, 2008 hadi 2014, kuwalinda kondoo bila kuua mbwa mwitu: watu kulala na kundi, mbwa wa ulinzi, taa, kelele, kamba za vitambaa. Katika eneo la jirani lisilolindwa hivyo, hasara ilikuwa mara tatu na nusu zaidi. Huo ndio ushahidi unaofanana zaidi na hali yako, maana nao walikuwa kondoo wa milimani kiangazi.

Kama ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema usiku. Kondoo waliotawanyika mteremkoni gizani ndio wanaokufa. Wakusanyeni kabla jua halijazama, wasogezeni karibu kabisa na kambi yenu, na mtu alale hapo. Wazungushieni nyavu za umeme zinazohamishika, au ile kamba yenye vitambaa vyekundu vinavyoning'inia karibu kila nusu mita. Ni mbinu ya wawindaji wa Ulaya ya mashariki, ambao kwa karne nyingi waliitumia kuwazuia mbwa mwitu wasivuke. Mbwa mwitu huogopa kupita chini yake, ila huizoea. Kamba ya kawaida hudumu miezi miwili hivi, ikitiwa umeme hudumu zaidi, kwa hiyo usiitandaze mwanzo wa msimu ikamaliza nguvu kabla ya hatari kuja. Itoe unapoona dalili, na uihamishe.

Mizoga ni muhimu karibu kama usiku. Kondoo aliyekufa kwa ugonjwa akiachwa kichakani huwaita kunguru, kunguru huwaita koyoti, dubu na mbwa mwitu, na wote hao wanajifunza ladha mpya bila kutoka jasho. Katika Bonde la Blackfoot, huko Montana kwenu, wafugaji wamejipanga mizoga ikusanywe na kuondolewa kwa gari, na watu wa doria ya farasi huzungukia mifugo. Anzeni na hilo la mizoga, halihitaji elimu kubwa.

Mbwa wa ulinzi, kama vile Great Pyrenees, Akbash au Kangal, nawapendekeza kwa moyo wote, kwa sharti wasiwe mmoja au wawili. Mbwa mwitu humwona mbwa kama mpinzani aliyeingia eneo lake, na atamwua, hasa karibu na pango au mahali anapolelea watoto. Kwa kondoo 900 ningeanza na watano, wavishwe kola zenye miiba. Kabla hamjachagua njia ya kupanda, mpigieni simu mtaalamu wa mbwa mwitu wa idara ya wanyama ya jimbo, Montana Fish, Wildlife & Parks, mumwulize kundi hilo linalelea watoto upande gani. Kukwepa bonde moja kwa wiki chache kunaweza kuokoa mbwa na kondoo pia.

Sasa, kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kukufanyia. Ukikuta kondoo ameuawa, usimburute, usimchinje, usiwaache mbwa wamkaribie. Mfunike kwa turubai, piga picha nyayo ukiweka kitu cha kupimia pembeni, na uwaite siku hiyohiyo maofisa wa Wildlife Services, kitengo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Wao huchuna ngozi na kutazama ndani. Damu iliyovilia chini ya ngozi inaonyesha kwamba mnyama aliumwa akiwa hai, hakuliwa akiwa amekwisha kufa. Mbwa mwitu huacha majeraha makubwa mapajani, ubavuni na shingoni. Koyoti hukaba koo kwa meno yaliyokaribiana. Puma huuma shingo na mara nyingi hufukia mzoga kwa majani. Dubu huvunja mgongo. Kwa joto la kiangazi alama hizo hupotea ndani ya siku moja au mbili, na bila uthibitisho wa ofisa huyo, bodi ya jimbo ya fidia ya mifugo, Livestock Loss Board, haina cha kulipia.

Kuhusu bunduki, mwajiri wako azungumze na idara ya jimbo kabla ya kufanya lolote. Mbwa mwitu wa Montana waliondolewa kwenye ulinzi wa serikali kuu mwaka 2011, na sheria ya jimbo inamruhusu mwenye mifugo kumpiga mbwa mwitu anayeishambulia, kisha atoe taarifa ndani ya saa 72. Nje ya hapo kuna leseni na msimu wa kuwinda, na kanuni zake hubadilika, kwa hiyo aulize za mwaka huu. Dubu wa grizi bado analindwa na serikali kuu. Kivuli kilichopigwa risasi gizani kikageuka kuwa grizi kitawaletea kesi, na kwa sababu hiyo peke yake ningekataa mtu yeyote kambini kufyatua kitu asichokiona vizuri.

Kuhusu mbwa wa ulinzi msichelewe. Mtoto wa mbwa huchukua kama miaka miwili kukomaa kwa kazi hii, kwa hiyo wa kununuliwa leo hatawafaa kiangazi hiki. Tafuteni wakubwa waliokwisha kukaa na kondoo, muwaingize kundini wiki kadhaa kabla ya kupanda, na wachukueni watoto wawili watatu wajifunze nyuma yao.